Mikono Yangu Haimo Kwenye Bajeti

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua niliwaacha wapi: kando ya barabara kuu nchini Austria, milima imetuzunguka, gari-nyumba letu limepandishwa juu ya mizani ya polisi, na mume wangu Winfried kasimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Roswitha. Nilipika miaka thelathini kwenye jiko la hospitali huko Herne, Ujerumani, mji ambao zamani uliishi kwa makaa ya mawe. Siku niliyostaafu nilimwambia Winfried kwamba nataka mwaka mzima wa kuzunguka Ulaya, na nataka tufike Ugiriki kabla joto halijawa kali, kwa sababu maisha yangu yote sijaona bahari isiyo ya kijivu.

Winfried alikubali kwa sharti moja. Bajeti iwe yake.

Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mabomba, na stoo haijamtoka. Nyumba yetu tuliwapangisha vijana wawili kwa mwaka mmoja. Kodi yao ndiyo dizeli yetu, ndiyo kambi zetu za kulala, ndiyo ushuru wa barabara. Pensheni zetu mbili, yake kubwa na yangu ndogo, zilikuwa za chakula na dharura. Kila siku ilipangiwa kiwango, na kiwango hakivukwi. Nikitaka kahawa ya mkahawani, naambiwa kahawa ipo kabatini.

Basi, mizani.

"Bwana," alisema askari wa kike aliyetusimamisha, "gari hili linaruhusiwa tani tatu na nusu."

"Najua," Winfried akajibu.

"Lina karibu tani nne."

"Mizani yenu mbovu."

Yule askari hakubishana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu kama mwalimu wa chekechea. Akaomba tufungue makabati.

Makopo nilijua yapo. Sikujua ni mengi kiasi kile. Chini ya kitanda, chini ya viti, ndani ya bafu, kule nyuma nilikodhani kuna kiti changu cha kukunja: soseji za makopo, supu ya dengu, kabichi nyekundu, kreti za bia, magunia ya viazi, na kahawa ya kutosha kufungulia duka.

"Mnakwenda vitani?" askari aliuliza.

"Tunakwenda Ugiriki," nikamwambia.

"Kule kuna maduka, mama."

Winfried akaanza kumfafanulia. Kopo la soseji kwetu ni bei hii, Italia ni bei ile, ukizidisha kwa mwaka mzima unapata akiba hii. Askari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtajia faini.

Ile faini ilimeza akiba yote ya soseji, halafu ikameza na soseji zenyewe, maana tuliambiwa hatuondoki pale mpaka uzito upungue.

"Ni hicho kikaango chako cha chuma," Winfried akanigeukia. "Nilikwambia kizito."

"Kikaango kimoja, Winfried."

"Kizito."

Askari akakitazama kikaango, akamtazama Winfried, kisha akageuka kuangalia milima. Niliona mabega yake yanatikisika.

Tukashusha. Tulipanga makopo kwenye nyasi mpaka pakawa kama gulio. Mafundi waliokuwa wakitengeneza barabara walikuja na toroli. Walianza na bia, wakarudi kwa soseji. Waholanzi wawili waliokuwa wanapita walichukua kahawa, wakashukuru kana kwamba sisi ni shirika la misaada. Winfried alisimama na mikono nyuma, akitazama stoo yake inavyotawanyika.

Hapa mahali pa kusema kweli, kwa hiyo naisema. Nilifurahi. Kila kreti iliyoondoka, nilihisi kama mtu anafungua dirisha.

Tulipoambiwa tunaweza kwenda, Winfried aliingia nyuma, akaketi mezani, akaweka ufunguo wa gari mbele yake.

"Turudi nyumbani."

"Nyumba ina watu."

"Tukakae kwa Anke."

Anke ni binti yetu. Anaishi Dortmund kwenye vyumba viwili na mbwa wawili, na mbwa wenyewe si wadogo.

"Kakae wewe," nikasema. "Mimi nakwenda Ugiriki."

"Mimi siendeshi."

"Haya."

"Roswitha, hujawahi kuendesha gari hili hata mara moja."

Hilo ni kweli. Miaka yote nilikwenda kazini na kigari kidogo ambacho ungeweza kukiegesha jikoni. Hili lina urefu wa lori la taka. Nikachukua ufunguo.

"Na kuanzia leo bajeti ni yangu."

Akacheka, kicheko kile cha puani. "Bila mimi hutafika hata kituo cha mafuta."

Kituo cha mafuta nilifika. Mpaka wa Italia nikauvuka. Kwenye kibanda cha kwanza cha ushuru wa barabara niligonga kioo cha pembeni, kikavunjika nusu.

"Signora," aliniuliza mpokea ushuru, "unajua njia hii ina upana gani?"

"Sasa najua."

Nilikifunga kioo kwa utepe wa gundi ule wa kahawia, nikaendelea. Ninaona nusu ya nyuma. Nusu inatosha.

Winfried alikuwa kwenye mgomo. Alilala kitandani ameelekea ukutani, akitoka wakati wa kula tu. Alikuwa akisema "ahsante, chakula kizuri," kama mgeni wa hoteli, kisha anarudi zake ukutani. Mgomo wake ulikuwa wa usukani, si wa sahani.

Mimi nikaendesha, na bajeti yangu nikaiendesha vilevile. Niliziacha barabara za kulipia nikapita za vijijini. Tulilala kwenye mashamba ambako mwenyewe anakuruhusu kuegesha ukinunua jibini yake au chupa ya mvinyo wake. Sokoni nilikwenda wanapofunga, wakati muuzaji afadhali akupe nyanya kuliko azirudishe kwenye gari. Kila Jumamosi nilihesabu kilichobaki kwa sauti, ili kitanda kisikie. Fedha taslimu tuliyobeba ilikuwa inakaa kuliko enzi zake. Kitanda hakikusema kitu.

Hapa nimjibu msomaji mmoja aliyeniandikia baada ya sehemu iliyopita. Anasema mwanamke wa umri wangu anayebishana na mumewe polisi wanapolisimamisha gari lao hastahili huruma. Ndugu, huruma sikuomba. Ujumbe wako niliusoma nikiwa mkahawani, na kahawa nilinunua.

Tulifika pwani karibu na Fano. Bahari ya pale ilikuwa ya kijani, bado si ile ninayoitaka, lakini nilisimama nikaitazama. Nguo safi zilikuwa zimetuishia na choo cha gari kilihitaji kumwagwa, kwa hiyo nikaingia kwenye kambi ya mwanamke mmoja aitwaye Loredana, mjane wa rika langu anayevaa miwani ya jua utosini hata kukiwa na mawingu. Usiku mmoja tu, nilimwambia. Akachukua kitambulisho changu kama wanavyofanya kambini, akanipa nafasi karibu na mabomba ya maji.

Gunia moja la viazi lilikuwa limeokoka Austria. Viazi vikaanza kuchipua. Asubuhi yake nikavimenya, nikavikwaruza, nikatia kitunguu na yai, nikaweka kile kikaango kizito kwenye jiko la gesi nje, nikaanza kukaanga chapati za viazi kama za kwetu, zile za kuliwa na rojo la tufaha.

Harufu ikaenda ilikotaka. Wakaja Wabelgiji wa jirani. Wakaja Waswisi na watoto wao. Wakaja wazee wa Kiitaliano waliokuwa wanacheza karata, wakaacha karata mezani. Nikamlisha kila aliyekuja. Mtu mmoja, hata sikumwona ni nani, akaweka bakuli pembeni akatia sarafu, na wengine wakamfuata.

Sikuuza. Niliwapa wakala, wao wakaweka. Na nilifurahi siku ile kwa namna ambayo sikuijua kwenye jiko la hospitali, kwa sababu hakuna aliyenipangia, hakuna aliyenisimamia mgongoni na saa.

Mchana Winfried akatoka ndani. Akaketi kando ya bakuli, akazipanga sarafu kwa aina zake. Kisha akanitazama, akatabasamu, mara ya kwanza tangu mizani.

Tabasamu lile ningeliogopa, ningekuwa na akili.

Kesho yake nilirudi kutoka kufua nikakuta aproni nyeupe mezani kwangu, imepigwa pasi, imekunjwa. Loredana amesimama kando yake, mkononi ana funguo.

"Jiko liko nyuma ya mgahawa wangu," aliniambia kwa Kijerumani chake cha kuhudumia watalii. "Moto sita. Utalipenda."

"Jiko la nani?"

"Lako. Hadi Septemba."

Nikamtafuta Winfried. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi.

"Keti kwanza," akasema.

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Sikia basi. Nafasi bure. Umeme bure. Maji bure. Na mshahara juu yake. Gari halitembei, kwa hiyo hata dizeli hatuchomi. Septemba tunatoka hapa na fedha mfukoni, tunakwenda huko Ugiriki kwako kama watu."

"Umemwambia nini huyu mama?"

"Nimempa mkono."

"Mkono wa nani?"

"Roswitha, usianze."

"Nauliza mkono wa nani utakaomenya viazi hadi Septemba. Ni huo wako?"

Loredana alikuwa anatutazama kwa zamu.

"Mumeo aliniambia wewe ndiye uliyeomba," akasema polepole. "Kwamba umechoka kuzurura, unatamani kazi."

"Mama Loredana, mimi nimetoka jikoni baada ya miaka thelathini. Waliniaga kwa keki niliyoioka mwenyewe, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kuioka. Sijaomba jiko. Nimekaanga viazi vilivyokuwa vinachipua, basi."

Loredana akaichukua aproni yake akaiweka begani.

"Niliwahi kuwa mpishi wa kuletwa," akasema. "Kwa mama mkwe wangu, hapahapa. Aliyenileta ni marehemu mume wangu. Sitaki mpishi wa namna hiyo jikoni kwangu." Akamgeukia Winfried. "Na wewe, bwana, unadanganya vibaya. Unaangalia viatu." Akaondoka, na miwani yake utosini.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Miaka arobaini ya ndoa nimejifunza jinsi Winfried anavyogomba: anaanza na bei. Nikasubiri bei.

Hakugomba. Alijiachia kwenye kiti cha kukunja, uso ukamlegea, akawa mzee mbele yangu palepale.

"Hakuna kodi," akasema.

"Kodi gani?"

"Ya nyumba. Wale vijana wamehama. Walipata kazi Hamburg, wakaniomba wavunje mkataba. Niliwakubalia."

"Lini?"

"Tulipokuwa Bavaria."

Bavaria. Kabla ya mizani. Kabla ya askari na milima yake. Ndipo nikaelewa kwa nini tulisimama kwenye lile duka la jumla karibu na mpaka, akaniambia nikapumzike kwenye benchi, akarudi na toroli tatu.

"Ndiyo maana ya yale makopo," nikasema.

"Niliona kama chakula kipo, hata fedha ikikatika hatutakufa njaa."

"Kwa nini hukuniambia, Winfried?"

"Ungesema twende tu."

"Ndiyo. Ningesema twende tu."

"Unaona?"

Nisijifanye jiwe. Nilikaribia kuketi pale chini kwenye nyasi nimshike. Alikuwa ameogopa peke yake tangu Bavaria, amelala ameelekea ukutani na hofu yake, na mimi nilikuwa nahesabu fedha kwa sauti ili kumkomoa. Nilimwekea mkono begani. Lakini mtu huyohuyo mwenye hofu alikuwa amekwenda asubuhi na mapema, amenyoa, akaikodisha mikono yangu bila kuniuliza. Hayo mawili yote ni kweli, na moja halikulifuta jingine.

"Sasa nyumba iko tupu," akasema. "Tunaweza kurudi. Kesho. Hata kwa Anke hatuna haja."

Ukaidi wangu wote tangu Austria ulikuwa na ukuta wa kuegemea: hakuna pa kurudi, basi twende mbele. Sasa ukuta umeondoka. Kitanda changu kipo. Sinki langu lipo. Dirisha linalotazama bustani ya jirani lipo. Ningeweza kusema neno moja tu, na Jumapili tungekuwa tunakunywa chai kwetu.

Nikampigia Anke. Nilidhani nataka ushauri.

"Mama, rudini," akasema, mbwa wanabweka nyuma yake. "Mmeshajaribu."

"Tumejaribu nini?"

"Safari. Watu wengi wa umri wenu hawafiki hata Italia."

"Nani alikwambia nilitaka kufika Italia?"

"Mama, unakuwa mkaidi."

"Ndiyo, mwanangu. Nimechelewa kuanza."

Nikakata simu, na hapo nikajua ushauri sikuuhitaji.

Nikamwambia Winfried bajeti mpya, kwa mdomo, nimesimama. Ukirudi nyumbani, pensheni yako inakwenda na wewe. Yangu inabaki na mimi. Yangu ni ndogo, lakini inatosha dizeli kama sikimbii, inatosha mkate, jibini na nyanya, na inatosha kulala popote ambapo sheria hainifukuzi. Nyumba itafutie wapangaji wengine, hiyo ni kazi yako ukifika. Sarafu za bakulini zinajaza nusu ya tangi. Tiketi ya feri nanunua ya kwenda tu.

"Na ya kurudi?"

"Nitaitafuta nikitaka kurudi."

"Na gari likiharibika?"

"Litakuwa limeharibika Ugiriki."

Alitikisa kichwa kama anavyotikisa mbele ya mafundi wanaozidisha bei. "Hiyo si bajeti, Roswitha. Hayo ni maombi."

"Basi niombee."

Nilikwenda ofisini kuchukua kitambulisho. Loredana alinipa, na hakunidai ule usiku wa pili. "Ukipita tena, njoo ule," akasema. "Napika mimi."

Ancona si mbali. Winfried safari hii aliketi mbele, kiti cha pembeni, begi lake miguuni. Hatukuzungumza, ila mara moja kwenye mzunguko aliniambia, "Kulia kuko wazi," nami nikasema ahsante, kwa maana kioo cha upande ule ndicho kile kilichovunjika.

Bandarini malori yalikuwa yamejipanga, na meli imesimama na mdomo wazi. Nilikwenda kwenye dirisha la tiketi. Winfried akanifuata, begi mkononi.

"Ukinunua hiyo tiketi, mimi nashuka."

"Umeshashuka, Winfried. Uko chini."

Karani aliinua macho. "Watu wangapi, signora?"

Nilimgeukia mume wangu.

"Nakuuliza mara moja, na siulizi kwa ubaya. Unakuja?"

"Hatuna fedha ya kuja."

"Sikuulizi fedha."

Alitazama begi. Alitazama meli. Nilimwona anapiga hesabu, midomo inacheza, na nikajua hesabu ile haina mahali pa kuniweka mimi.

"Kuna treni ya kaskazini mchana huu," akasema.

"Mmoja," nikamwambia karani. "Na gari."

Alisimama pale mpaka nikapewa tiketi. Kisha akasema, "Matairi ya nyuma yanataka upepo zaidi kuliko ya mbele. Usiwasikilize wakikwambia yote sawa." Akaondoka kuelekea kituo cha treni, hatua zake fupifupi zile, wala hakugeuka.

Najua mnataka kusikia nililia. Sikulia. Nilinunua aiskrimu, mabonge mawili, nikaila yote nimeegemea gari langu kwenye jua. Mwenye neno aniandikie.

Foleni ikaanza kusogea. Baharia mwenye fulana ya rangi ya machungwa akanipigia dirisha.

"Geuza, signora. Unaingia kinyumenyume."

"Kinyumenyume?"

"Wote wanaingia hivyo. Kule mkishuka mnatoka mmeelekea mbele."

Nikaitazama ile ngazi ya chuma iliyolazwa kutoka melini hadi gatini. Nikatazama kioo changu chenye gundi. Madereva wa malori walikuwa wameshuka, wanavuta sigara, wamepata cha kutazama.

Mara ya kwanza nilikwenda upande. Wakanipigia makelele ya Kigiriki na ya Kiitaliano, mtu akagonga bati la gari kwa kiganja. Nikarudi mbele, nikaanza upya. Dereva mmoja wa lori, kifua wazi, akaja dirishani akiwa ananyoosha mkono kushika mlango.

"Niachie mimi, mama, nikupandishie. Dakika moja tu."

"Ahsante," nikamwambia, nikapandisha kioo cha dirisha.

Mara ya pili nilikwenda taratibu, nikamtazama yule baharia wa fulana ya machungwa peke yake, mikono yake tu, kulia, kushoto, njoo, njoo. Matairi ya nyuma yakagusa chuma. Gari likaguna. Nikazidi kurudi, mwanga ukapungua, harufu ya mafuta na chumvi ikanijaa puani, mpaka nikasikia kofi la mwisho ubavuni na mtu anasema, "Basi, basi, umeingia."

Umeingia. Nilizima injini nikakaa, mikono bado kwenye usukani. Niliitazama. Mikono ya kumenya, ya kukaanga, ya kukwangua masufuria ya hospitali. Leo imepandisha nyumba nzima melini kinyumenyume.

Nikashuka, nikatembea hadi ukingoni kuona wanavyofunga. Gari la mwisho lilikuwa limekwishaingia. Injini za meli ziliguruma chini ya nyayo zangu, na kamba za nyuma zilikuwa zinafunguliwa.

Ndipo nikamwona mtu anakimbia gatini.

Winfried hakimbii. Hakukimbilia basi, hakukimbia mvua, siku anazaliwa Anke alikuja hospitali kwa mwendo wake uleule. Lakini alikuwa yeye, shati limetoka kwenye suruali, begi hana, mikono juu, anapayuka kitu ambacho injini zilikimeza chote. Nyuma yake walinzi wawili wa bandari, nao wanakimbia, mmoja ameshika kofia isianguke.

Ngazi ya chuma ikaanza kuinuka.

Walinzi wakamfikia. Mmoja akamshika mkono. Winfried akawa ananyoosha kidole kuelekea melini, kuelekea kwangu, anawaeleza, na yule wa kofia akainua redio mdomoni.

Redio ya baharia wangu ikakoroma. Akasikiliza. Akabonyeza kitufe ukutani, ngazi ikasimama angani, nusu juu nusu chini. Kidole hakukiondoa.

"Signora," akaniita, "bandarini wanasema kuna mtu hana tiketi, anadai ni mumeo." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ni kweli?"